Kama konfoma hazitengeki, zina faida gani kwa mkemia?

Mwanafunzi wa ualimu: Habari zenu, wanajukwaa. Ninasoma mwaka wa pili wa ualimu wa sayansi. Tumefundishwa kwamba konfoma ni maumbo mbalimbali ambayo molekuli moja huyapata vifungo vyake vinapozunguka, bila kifungo chochote kukatika. Tumeambiwa vilevile kwamba saikloheksani, yaani pete ya kaboni sita iliyojikunja kama kiti, katika joto la kawaida la chumba, hujigeuza kutoka kiti kimoja hadi kingine takribani mara 100,000 kwa sekunde. Ikiwa hakuna awezaye kuyatenga maumbo hayo na kuyatia katika chupa mbili, yana faida gani? Naomba mfano halisi, maana siku moja wanafunzi wangu wataniuliza swali hilihili.

Mwalimu wa kemia: Ndugu, jibu liko kwenye mmenyuko, si kwenye chupa. Chukua mentili kloridi na neomentili kloridi, pete za namna hiyohiyo zenye klorini, ambazo hutofautiana kwa jambo moja tu: upande wa pete ambao klorini imekaa. Ukizipasha moto pamoja na sodiamu ethoksidi, zote hupoteza haidrojeni kloridi na kuwa alkeni, yaani molekuli zenye kifungo maradufu kati ya kaboni mbili, lakini neomentili huenda kasi takribani mara 200 kuliko mwenzake. Mmenyuko huu hudai kwamba klorini na haidrojeni inayoondoka nayo ziwe kwenye kaboni jirani, moja ikisimama wima kwenda juu na nyingine wima kwenda chini. Katika kiti kilicho tulivu cha neomentili, klorini tayari imesimama wima, kwa hiyo haina la kungoja. Mentili hutulia ikiwa klorini na makundi mawili ya kaboni yaliyo kwenye pete, methili na isopropili, yote yamelala pembeni. Ili iitikie, sharti ijigeuze kwanza na kuyasimamisha makundi yote matatu, huku klorini na methili zikibanana upande mmoja wa pete. Molekuli zilizo katika hali hiyo ni chache mno kwa wakati wowote ule, na hizo chache ndizo pekee zinazoitikia.

Mwanafunzi wa ualimu: Nashukuru sana, mwalimu. Nimekwama mahali pamoja. Tuliambiwa kwamba neomentili hutoa alkeni mbili, ilhali mentili hutoa moja tu kati ya hizo, iitwayo 2-menteni. Je, haidrojeni iliyo kwenye kaboni yenye isopropili imekosa nini?

Mkutubi wa maabara: Hilo usilitafute kwenye karatasi, kwa sababu mchoro bapa utakudanganya. Tengeneza kiti kwa vijiti vya meno na vidonge vya plastisini, uweke rangi moja kwa klorini na nyingine kwa isopropili, kisha ukigeuze taratibu kwa kuinua ncha moja na kushusha ya pili. Utaona mwenyewe isopropili inavyosimama.

Mhadhiri mstaafu: Naongeza neno la historia, kwa kuwa mara nyingi husahaulika. Hermann Sachse alieleza umbo la kiti tangu 1890, lakini wakemia wenzake hawakumjali. Baadaye Odd Hassel wa Norwei alilithibitisha kwa mtawanyiko wa elektroni, na mwaka 1950 Derek Barton wa Uingereza akaonyesha jinsi linavyoeleza tabia ya steroidi, ambazo pete zake nyingi zimeshikana kiasi kwamba haziwezi kujigeuza. Hapo kundi lililo wima hubaki wima, na lililo pembeni hubaki pembeni, kwa hiyo mkemia anaweza kutabiri lipi litaitikia upesi. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1969, na mimi naona ilichelewa.

Mwanafunzi wa ualimu: Nimekitengeneza kiti usiku huu. Nilipokigeuza, isopropili ilisimama wima upande ulio kinyume na klorini, mahali palepale ambapo haidrojeni ingepaswa kuwa, na haidrojeni ya kaboni hiyo ikasukumwa pembeni. Kwenye kaboni jirani ya upande wa pili wa klorini, haidrojeni imesimama wima kama inavyotakiwa, ndiyo maana hutoka 2-menteni peke yake. Nitakwenda nacho darasani kesho.