Je, nyumba mpya isiyo na historia yaweza kuwa na shari?

Muulizaji, Malindi

Assalaam aleikum ndugu zangu wasomaji. Nimemaliza riwaya ya kutisha ya Kimarekani, The House Next Door ya Anne Rivers Siddons, iliyotoka mwaka 1978. Nakala yangu ni ya jalada jepesi, karatasi zake zimegeuka rangi ya chai na uti wake umeshikwa kwa gundi, nami niliipata katika meza ya vitabu vikuukuu hapa mjini. Kisa kiko katika mtaa wa watu wenye uwezo huko Atlanta, ambako Colquitt na mumewe Walter wanaishi kwa raha kando ya kiwanja chenye miti ambacho kila mtu aliamini hakijengeki, mpaka msanifu mmoja kijana anapokuja na ramani ya nyumba nzuri ajabu. Familia tatu zinahamia humo, moja baada ya nyingine, na hakuna inayotoka salama. Kinachonitatiza ni kwamba nyumba yenyewe ni mpya: chini yake hakuna kaburi, wala hakuna aliyewahi kuuawa ndani. Sisi tuliolelewa karibu na magofu ya Gede tumezoea kuona hofu ikikaa mahali pa kale. Je, mwandishi alikosea, au kuna jambo limenipita?

Jibu, kutoka Lamu

Waaleikum salaam. Mimi naona hapo hasa ndipo ilipo nguvu ya riwaya. Nyumba zetu za mawe zina chumba cha ndani kabisa ambamo watoto walizaliwa na maiti walioshwa, na bado tunalala humo bila wasiwasi, kwa kuwa twajua ni nani aliyezaliwa humo na ni nani aliyetolewa kwenda kuzikwa. Ukongwe hautishi ukiwa una wenyewe. Nyumba mpya ndiyo hatuiingii vivi hivi: Kurani husomwa, ubani hufukizwa, majirani huitwa wale. Ile ya Atlanta waliingia na samani tu, na yakiwafika mazito hawana mzee wa kumwendea wakamwuliza.

Jibu, kutoka Malindi

Nakubaliana na ndugu wa Lamu, ila samani sizo peke yake walizoingia nazo. Tazama familia ya pili: mama amefiwa na mwanawe katika vita vya Vietnam, na nyumba inamrudisha kwenye msiba uleule aliokuwa ameanza kupona. Haina mizimu yake yenyewe. Humtafuta kila mtu pale anapoumia, ikapagusa. Ndiyo maana haikuhitaji kaburi.

Kumbukeni pia ni nchi gani inayosimuliwa. Baada ya vita vya pili vya dunia, Wamarekani wengi walitoka mijini wakaenda kwenye mitaa mipya ya pembezoni. Levittown, karibu na New York, ulioanza kujengwa mwaka 1947, ulipata maelfu ya nyumba zinazofanana katika miaka michache. Mtaa wa Colquitt ni wa kitajiri kuliko huo, lakini imani ni ileile, kwamba mwenye nyumba yake na majani yake mbele ya mlango yuko salama. Siddons anaipiga imani hiyo pale pale. Stephen King aliichambua riwaya hii kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu sanaa ya kutisha, na sishangai.

Muulizaji

Ahsanteni sana. Nimeanza kuisoma upya kwa jicho hilo, na sasa naona jambo ambalo mara ya kwanza sikulitilia maanani: msimulizi ni jirani. Yote yanatufikia kupitia macho ya Colquitt, na yeye na Walter wanapoamua hatimaye kusema hadharani kupitia jarida, jamaa zao wa mtaani wanawatenga wao, si nyumba. Mwisho siutaji, kwa ajili ya wasiosoma. Ndugu wa Lamu, nikimaliza nitampa dereva wa basi la Mokowe akuletee nakala hii. Tafadhali ishike taratibu, kurasa za katikati zimeanza kuachia.