Tumbo la kuendesha lisilokwisha: tupeane uzoefu, watu wa Mombasa

Bint Kisauni: Salaam aleykum. Huku kwetu mtu akiendesha siku mbili, jibu liko tayari hata hajakaa: amiba hiyo, kile kimelea cha tumboni, nenda kemisti ukanunue Flagyl. Kipimo hakuna. Nataka kuwasikia waliopimwa kweli. Dalili zilikuwa zipi, na mkapewa nini? Kipindupindu tukiache, kina mambo yake. Nauliza lile tumbo la kwenda na kurudi.

Baba Swaleh, Likoni: Langu lilikuwa jiadia, kimelea kingine cha utumbo. Homa hakuna, damu hakuna. Choo laini cha manjano, kina mafuta mafuta, kinaelea, na harufu yake usiulize. Na kubeua! Mbeuo wa yai viza, hata msikitini naona haya kusimama safuni. Zahanati ya kwanza walinitoa damu, wakasema taifodi, nikadungwa sindano. Nafuu sikuona. Kwingine daktari akaagiza choo. Cha kwanza kikatoka safi, akataka nilete tena siku nyingine, kwa kuwa kimelea hiki hakionekani kila siku. Kweli, baadaye kikanaswa. Tinidazoli gramu 2, dozi ya mara moja, basi. Ila chai ya maziwa iliendelea kunivimbisha tumbo kwa muda. Nikaambiwa ni utumbo bado unajitengeneza.

Fundi wa Darubini: Mimi ni mtu wa maabara. Watu hawajui kuwa choo kina saa yake. Mtu anakitoa alfajiri Mtwapa, anakitia mkobani, anapanda matatu, foleni ya Nyali inamkamata, ananifikia jua limeshawaka. Amiba hai unaiona ikijivuta, lakini ikishakufa nitakuandikia nini? Choo cha maji kinatakiwa kiangaliwe ndani ya nusu saa hivi. Njooni mkitolee hapa hapa, msala upo. Kichupa kikavu, pasiingie mkojo wala maji ya kuchambia, na mchote palipo na ute au damu. Halafu neno "amiba" kwenye karatasi lisikutishe moja kwa moja. Iko nyingine ya sura ile ile isiyodhuru mtu, na kwa darubini peke yake hazitengani, isipokuwa tuikute imemeza chembe nyekundu za damu.

Mama Ridhwan, Changamwe: Wangu alikuwa mdogo, kila akiharisha anapewa dawa ya minyoo. Kumbe kile kidonge kimoja cha albendazoli ni cha minyoo, jiadia hakiimalizi. Kabla majibu hayajatoka muuguzi alinianzishia ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, na zinki, miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14 (aliye chini ya miezi sita hupewa 10). Nikimnywesha akitapika, nangoja dakika kumi, naanza tena kijiko kwa kijiko. Bibi yake akasema asile, tumbo lipumzike. Muuguzi alimkatalia hapo hapo: uji apewe, ndizi apewe.

Abuu wa Mji wa Kale: Yangu ilikuwa amiba kweli. Mimi nilitoka damu na ute, tumbo linasokota, unakwenda chooni kinatoka kidogo tu. Flagyl mara tatu kwa siku. Mdomo ukawa na ladha ya chuma, mkojo ukakolea, na wanywaji wakae mbali na pombe kabisa. Nilipomaliza nikaandikiwa diloksanidi, siku 10, ya kuua zile zilizojificha ndani ya utumbo. Hapa ndipo wengi hukomea njiani, mtu akishapata nafuu tu. Mjomba wangu yake ilipanda hadi ini, ikafanya jipu.

Mpwani Halisi: Mbegu za papai je? Marehemu nyanya alitutibu nazo sote.

Fundi wa Darubini: Allah amrehemu. Ukiona damu, homa au mtoto amelegea macho yameingia ndani, papai liache mezani uende hospitali.

Baba Swaleh, Likoni: Kisima chetu na choo cha shimo cha jirani vinatazamana. Tulikuwa tunatia klorini tu. Siku hizi maji ya kunywa tunayachemsha, kwani jiadia huivumilia klorini, na kuna kimelea kingine, kriptosporidiamu, ambacho haikitishi hata kidogo.

Bint Kisauni: Na mke wako alipimwa? Mume wangu hajalalamika chochote.

Baba Swaleh, Likoni: Alipimwa, akakutwa nayo bila dalili yoyote. Na ndiye mpishi.

Bint Kisauni: Ya Rabbi. Kesho tunakwenda sote, na kichupa.