Binti anapiga tarumbeta na amefungwa waya za meno: mdomo unachanika kwa ndani, naombeni ushauri

MzaziMoshi
Habari zenu wakuu. Binti yangu ana miaka 14, anapiga sauti ya kwanza kwenye kundi la matarumbeta la usharika. Wiki tatu sasa amefungwa waya juu na chini. Akipiga nyimbo mbili tu, mdomo wa juu unachanika kwa ndani, na noti za juu zimegoma kabisa. Mwalimu wake anasema aache hadi waya zitolewe, yaani kama miaka miwili. Hakuna njia nyingine? Nta ya kufunika waya aliyopewa kliniki nayo inamdondokea ndani ya mausipisi (kile kipande cha kupulizia).

PumziKwanza
Asiache, mkuu. Kinachomkata ni mkono wa kushoto. Noti ya juu inataka pembe za mdomo zikaze na hewa iende kasi. Pumzi ikipungua, mpigaji anavuta tarumbeta usoni kwa mkono huo ili mausipisi ibane midomo kwa niaba yake. Meno matupu yalikuwa yanavumilia hilo. Sasa mdomo umebanwa katikati ya chuma na chuma.

Kwanza atoe kidole kidogo cha kulia kwenye ile ndoano iliyo juu ya tarumbeta, akiweke juu yake, maana ndoano ndiyo inayosaidia kuvuta. Kisha apige noti ya G (ile ya mstari wa pili kwenye karatasi ya muziki), polepole, kwa hesabu ya nane, huku akiisogeza tarumbeta mbele kidogo kidogo mpaka hewa ivuje na sauti ikatike. Msukumo wa hatua moja kabla ya hapo ndio unaomtosha. Arudie kila siku kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa wiki mbili apige dakika 5, apumzike 5, asivuke C ya nafasi ya tatu. Baada ya hapo aongeze nusu toni kila baada ya siku mbili tatu. Pembe za mdomo zikichoka aweke chini, hata kama wimbo haujaisha.

MenoYaMbele
Nta inadondoka kwa sababu inabandikwa kwenye kibati (kile kichuma kilichogandishwa kwenye jino) chenye mate. Anawe mikono, apige mswaki, akaushe vibati kwa tishu huku mdomo ameuinua. Achukue kipande kama punje ya njegere, akizungushe vidoleni mpaka kilainike, akikandamize juu ya kibati, kisha asukume kingo kwa ukucha ili nta iushike waya. Vibati vinne vya mbele juu na vinne chini vinatosha. Iwe nyembamba, ikiwa nene, midomo inasukumwa mbele na sauti inakuwa butu. Aitoe kabla ya kula na aweke mpya kila anapopiga. Akimeza kipande kidogo hakina madhara.

Akimaliza kupiga, mzazi, iangalie hiyo nta. Ukikuta kibati kimeitoboa mpaka chuma kinang'aa, ujue bado anakandamiza.

Ulizia pia ule utepe wa silikoni unaofunika safu nzima ya meno, haumeguki kama nta. Waombe kliniki wafunge meno ya mbele kwa mipira badala ya vile viwaya vya kusokota, ambavyo ncha zake huchoma. Kidonda kikiwa wazi asipige: asukutue kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu mpaka kifunge. Na tarehe ya kukaza waya msiiweke wiki ya Pasaka, meno huuma siku mbili tatu baada ya kukazwa.

SautiYaTatu
Naunga mkono, ila kwa sasa ahamie sauti ya tatu, yenye noti za chini. Sauti ya kwanza itamrudisha kwenye kuvuta hata akiwa na nta nzuri namna gani.

Mausipisi msibadilishe mwezi huu, mtashindwa kujua tatizo liko wapi. Baadaye, kama anatumia mausipisi ya Bach 7C, ajaribu 5C au 3C. Kwa Bach namba ikishuka kikombe kinapanuka. Tafuteni ukingo wa mviringo, ule mkali unakata. Nta iliyokwama ndani ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ikisuguliwa kwa brashi ya mausipisi, kabla haijafika kwenye bomba.

MzaziMoshi
Asanteni sana. Mdogo wake anataka klarineti, naye atafungwa waya mwakani. Itamsumbua hivi hivi?

PumziKwanza
Kwake shida itakuwa chini. Kwenye klarineti na saksofoni mdomo wa chini unakunjwa juu ya meno ya chini, kwa hiyo nta iende huko. Meno ya juu yanakaa kwenye mausipisi yenyewe. Abandike kipande cha mpira juu yake ili mtetemo usimuumize.

Na huyu wa tarumbeta, waya zikitolewa sauti itampotea tena kwa muda, maana meno yatakuwa yanateleza. Aanze upya na ile G.