Wadau msaada: HANGOVER inaenea vizuri kwenye vimraba 8 ila maneno ya kushuka yanaikataa

Mtoto wa Pangani (mwanzisha uzi)

Habarini wadau, wakubwa shikamooni. Nipo Columbus, Ohio, napiga shifti ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kuna bibi mmoja pale, mwalimu mstaafu, miaka 80 na kitu ila kichwa kinachemka kuliko changu, kila jioni kabla hajanywa dawa tunajaza ile chemsha bongo ya vimraba ya kwenye gazeti (maneno ya kulala na ya kushuka yanapishana kwenye herufi), mimi nilianza kwa kumfurahisha tu sasa nimenogewa mwenyewe. Za Jumatatu namaliza peke yangu, Jumatano najikongoja, Alhamisi naomba po.

Sasa wiki hii kanichorea ya kwake, kwa penseli na rula, 15 kwa 15, na dau juu: nikimaliza bila yeye kunisaidia atakula ugali na dagaa nitakaompikia, maana siku zote ananikatalia eti ugali unafanana na gundi ya kubandikia karatasi za ukutani (mimi nilikuwa sijui hata kama zinabandikwa).

Shida ni maneno manne marefu aliyoyawekea nyota. Vidokezo nawatafsiria. La kwanza herufi 8, "adhabu ya asubuhi baada ya sherehe", nikaandika HANGOVER, imeenea kama imepimwa na fundi. Ila neno la kushuka linaloanzia kwenye kile kimraba cha kwanza ni jina la jimbo, herufi nne, kidokezo kinasema "hapa tulipo", yani OHIO, sasa nikosee OHIO nikiwa Ohio? Kwa hiyo linaanza na O na sio H. La pili herufi 9, "pahala boti zinapolala", BOATHOUSE, herufi ya pili O inakubali, zingine zote vita. La katikati kabisa herufi 7, "silaha ya mwindaji wa bata", SHOTGUN, halafu pale mwanzo inapita GHANA. La mwisho 8, "sikukuu ya mikate isiyochachuka", PASSOVER, mimi Muislamu lakini hiyo naijua, ila mwisho wanataka S mbili.

Nimefuta mpaka karatasi imetoboka. Nirudishe Ijumaa. Bibi kakosea au mimi ndo mzito?

Kisura wa Chumbageni

Yani mkaka mzima unaumwa hangover ya kwenye karatasi 😂 endelea, mie nipo kibarazani nasoma

Fundi Reading

Mkuu mimi nipo Uingereza huku miaka 14, hizi ndo zangu. Soma kidokezo neno kwa neno, kwenye zile ngumu za huku mtunzi akitaka ugeuze lazima akuachie alama, atatia neno kama "inarudi" au "kutoka nyuma", na kama neno ni la kushuka atasema "inapanda juu". Ukiliona hilo unageuza herufi moja moja kutoka mwisho. Halafu hao Wamarekani wasituringie, aliyeanzisha haya mambo kwenye gazeti la New York World mwaka 1913, Arthur Wynne, alikuwa mtu wa Liverpool.

Mtoto wa Pangani

Asante kaka ila hakuna alama kama hiyo, vidokezo vimenyooka kama maswali ya darasa la nne. Na kugeuza herufi nimejaribu, HANGOVER kinyumenyume inaanza na R, mimi nataka O.

Baba Risto

Manze si upige picha uulize hiyo app ya simu ikupe majibu, five minutes umemaliza, unateseka bure bana

Kisura wa Chumbageni

@Baba Risto halafu ugali atakula nani, simu?

Mzee wa Gwaride

Kijana marahaba. Hebu turudi nyuma kidogo. Mara nyingi hizi za Kimarekani zenye maneno marefu yenye jambo lake, kuna neno jingine la tano ambalo halina nyota lakini ndio limeshika ufunguo. Angalia huko chini, baada ya lile la katikati na kabla ya lile la mwisho. Na nitakwambia urefu wake kabla sijaliona: ni 9.

Mtoto wa Pangani

Mzee umejuaje!!! Lipo, 9 kweli. Kidokezo chake "amri ya gwaride, na wewe pia itii". Nilidhani bibi ananitania. Nilikuwa skauti shuleni kwa hiyo nikajaza ABOUT TURN, imeenea, ila ABOUT ndo inakubali, TURN inakataa yote.

Mzee wa Gwaride

Sio uchawi. Hizo gridi zao ukiigeuza karatasi juu chini vimraba vyeusi vinakaa vilevile. Kwa hiyo neno la kwanza na la mwisho lazima walingane, 8 na 8, la pili na hilo lisilo na nyota 9 na 9, na la katikati linajilinganisha lenyewe ndio maana lina idadi isiyogawanyika kwa mbili. Huyo bibi yako kapiga hesabu kabla hajapiga rula, mheshimu sana.

Sasa hiyo amri. Sisi JKT tulipigiwa "nyumaaa geuka!" na wewe skauti umefundishwa Kiingereza cha Mwingereza. Mmarekani hasemi TURN. Anasema ABOUT FACE. Hesabu herufi, 9 vilevile. Futa TURN weka FACE kisha utupe majibu.

Mtoto wa Pangani

Imeingiaaaa. F A C E zote nne zimekubali. Kwa hiyo bibi anasema nyuma geuka. Lakini nageuza nini mzee wangu, herufi nimeshageuza zimekataa.

Mama Ukunjwi

Wanangu mmekuwa wakubwa mkasahau michezo. Sisi utotoni Pemba tulikuwa tunasema kinyume ili wakubwa wasituelewe, silabi ya mwisho unaileta mbele: kitabu ni bukita, chai ni icha, ukitaka kumwambia mwenzio twende sokoni unasema "ndetwe nisoko" mama yako anabaki anakutazama. Hatukuwa tunageuza herufi moja moja, nani ana kazi hiyo, tulikuwa tunachukua kipande kizima na kukihamisha. Sasa hayo maneno yako yote yameungwa na vipande viwili. HANG na OVER. Leta cha nyuma mbele.

Mtoto wa Pangani

OVERHANG

mama

OHIO imekaa. G ya mwisho inakaa kwenye EGG. Niacheni kwanza

Mtoto wa Pangani

HOUSEBOAT ✅ na ndo maana O ya pili ilikuwa inakubali kote, ilikuwa inanizuga tu. GUNSHOT ✅ GHANA imepita. OVERPASS ✅ S mbili hizo hapo, lile daraja la barabara kupita juu ya barabara, kila siku napita chini yake kwenda kazini na mkate wangu. Mama Ukunjwi nikija Pemba nakutafuta.

Baba Risto

Kumbe ni hivyo tu? Sasa hiyo ni jina langu, stori tunaita risto huku Nairobi tangu tuwe wadogo, na mimi ndo nilikwambia utumie simu 😭

Fundi Reading

Sawa nimekubali yaishe. Ila kinachonishangaza ni kwamba upande wa pili nao unatoka neno la kweli, sio upuuzi. Kwetu ukigeuza batamaji unapata majibata, hiyo si kitu ni ugonjwa wa ngozi.

Mwl. Sarufi

Hapo @Fundi Reading ndo penye utamu, na ndo mahali sisi wa Kiswahili tunapokwama, naombeni nieleze kidogo japo nitarefusha. Sisi mwenyewe wa neno, yani kile kitu chenyewe kinachotajwa, anakaa mbele. Batamaji ni bata, mbwamwitu ni mbwa, punda milia ni punda (angalau kwa jina), askari kanzu ni askari, kinachofuata nyuma ni maelezo tu. Mwingereza mwenyewe wa neno anakaa nyuma. HOUSEBOAT ni boti, ina nyumba juu yake. BOATHOUSE ni nyumba, ndani mna boti. SHOTGUN ni bunduki, GUNSHOT ni mlio au risasi yenyewe. Kwa hiyo ukigeuza unabadilisha mwenyewe, kitu kinakuwa kingine kabisa ila bado kitu. Sisi kupata mchezo huo inabidi tutumie "-a" unganifu: mke wa rafiki na rafiki wa mke, hayo ni mambo mawili na kesi mbili tofauti.

Sasa wewe macho yako yamezoea kusoma mwenye neno mbele, ukiona kidokezo cha nyumba ya boti akili inakimbilia mbele, unaandika halafu unaligandia. Mimi nikiona neno la kuungwa la Kiingereza naanza na mkia, nauliza hiki ni kitu gani, ndo narudi mbele.

Ila HANGOVER na PASSOVER sio za aina hiyo, pale ni kitendo kimeungwa na kile kijineno cha OVER, hakuna mwenye neno wa kumtafuta. Hizo nazo zipo nyingi na ukizijua zitakusaidia siku nyingine: LOOKOUT na OUTLOOK, TAKEOVER na OVERTAKE, LAYOUT na OUTLAY, SETUP na UPSET, OUTBREAK na BREAKOUT. Ukiona neno refu lina OVER, OUT au UP pembeni, na linaenea lakini linakataliwa, lihamishe kwanza kabla hujatafuta lingine.

Kisura wa Chumbageni

Mke wa rafiki na rafiki wa mke 😂😂 mwalimu kuna mtu umemgusa humu hatasema

Fundi Reading

Swali dogo lakini, kidokezo kinasema hangover, jibu limeandikwa OVERHANG ambalo maana yake ni paa kujitokeza nje ya ukuta. Si uongo huo?

Mzee wa Gwaride

Ndio kazi ya neno la tano. Bila ABOUT FACE ungekuwa na haki ya kwenda kumshtaki bibi wa watu. Likishakuwepo, keshakupa amri, kutotii ni shauri lako.

Mtoto wa Pangani

Wakuu mrejesho. Nimempelekea jana Alhamisi, kavaa miwani, kapita mstari kwa mstari na kidole, kafika ABOUT FACE akaona TURN imefutwa chini yake akacheka mpaka nesi akaja kuangalia. Anasema alijua nitaingia kwenye hiyo TURN kwa sababu ya Kiingereza changu ninavyosema "lorry". Kumbe ule mtego alinichimbia mimi peke yangu.

Nikamwambia ukweli kwamba sikufanya peke yangu, kuna mama mmoja wa Pemba na mzee wa JKT. Akasema sharti lilikuwa yeye asinisaidie, Pemba hakuitaja. Kwa hiyo kesho napika, nesi wa zamu karuhusu, dagaa nimepata duka la Wasomali. Swali la mwisho, yule hana meno mengi, ugali nisonge vipi?

Mama Ukunjwi

Laini mwanangu, na maji ya dagaa uyazidishe. Na chumvi kidogo, wazee hao wana presha.

Kisura wa Chumbageni

Ukimaliza mwambie kwa kinyume unaitwa liuga