Udongo wenye dizeli: bakteria wa pakiti, mbolea, au lundo lenye mabomba?

UdongoHai: Kuna mita za ujazo 10 za udongo wa mfinyanzi zilizomwagikiwa dizeli. Maabara imesoma miligramu 10,000 za mafuta kwa kilo. Ipi bora: kununua bakteria, kuwalisha waliopo, au lundo lenye mabomba ya kupulizia hewa?

Mkemia_Pwani: Pakiti iache iwe ya mwisho. Bakteria wanaokula mafuta, kama Pseudomonas na Rhodococcus, kwa kawaida wamo humo humo. Wanachokosa ni naitrojeni, fosforasi na hewa. Alaska, baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta mwaka 1989, fukwe zilitiwa mbolea na bakteria wa palepale wakafanya kazi.

Piga hesabu: udongo huo ni kama tani 15, mafuta kilo 150, kaboni kilo 127 hivi. Kwa uwiano wa 100:10:1 (kaboni, naitrojeni, fosforasi) unahitaji urea kilo 25 na DAP, mbolea yenye naitrojeni na fosforasi, kilo 6. Tafadhali usimwage zote siku moja, chumvi na amonia zitawaua bakteria. Gawa mara tatu, kila baada ya wiki tatu.

FundiTabaka: Mbolea sawa, lakini wengi wanakwama kwenye hewa. Kwa mfinyanzi mimi nachagua kutandaza: plastiki nzito chini, tuta pembeni, udongo sentimita 30, unapinduliwa kila wiki mbili. Andaa mita za mraba 33. Lundo huchukua nafasi ndogo, ila mfinyanzi ukishikamana hewa yote hupenya kwenye ufa mmoja, kwingine kote panabaki kunuka dizeli. Ukilazimika kujenga lundo, changanya maganda ya mpunga. Maranda ya mbao yakioza hunyang'anya naitrojeni.

Unyevu upime kwa mkono: fumbata konzi moja. Donge lishikane bila kudondosha maji, na ukiligusa kwa kidole livunjike.

ChimbaKwanza: Kabla ya yote, mafuta yamezama hadi wapi? Ripoti ya UNEP (shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa) ya 2011 kuhusu Ogoniland, Nigeria, ilikuta mafuta kwenye kina cha mita 5, huku usafishaji ukifanyika juu juu tu.

Mkemia_Pwani: Kweli kabisa. Na kama ni oili chafu ya injini, metali kama risasi na zinki haziliwi na bakteria yeyote. Weka pia ndoo moja ya udongo huo huo bila mbolea, uipindue na kuinyunyizia maji vilevile. Dizeli nyepesi huyeyukia hewani wiki za mwanzo. Mafuta kwenye ndoo hiyo yakishuka sawa na kwenye udongo uliotiwa mbolea, mbolea bado haijawasaidia bakteria.