Naomba ushauri: picha ya zamani ya rangi za maji imeota madoa

Habari zenu wakuu. Naishi Lyon, na nimenunua kwenye soko la mitumba picha ya rangi za maji: miti ya bustani, njia ya kokoto, vivuli vya buluu chini ya majani. Sahihi haisomeki. Ukiiinua kwenye mwanga, ndani ya karatasi yanajitokeza maneno "Canson & Montgolfier", jina la watengenezaji karatasi wa Ufaransa, kwa hiyo karatasi ni ya huko, hilo sina shaka nalo.

Shida ni vidoadoa vya kahawia, hasa sehemu ya anga. Kadibodi ya nyuma nayo imekuwa ya kahawia, tena imegandishwa kwa gundi. Nimeitoa ukutani isipigwe jua, nikapangusa vumbi kwa brashi laini kavu. Maji sijathubutu, maana rangi hizi huyeyuka zikilowa. (Jamaa mmoja kanishauri dawa ya kung'arisha nguo. Nilimshukuru tu.)

Kwa waliowahi kushughulika na picha za karatasi: kadibodi niibandue mwenyewe au nimpelekee fundi? Na nikiweka kadibodi isiyo na asidi, mahali pakavu, madoa yataacha kuenea?