Naomba ushauri: App ya samaki wa Feri, lengo la biashara naliandikaje?

Nahodha_wa_Nchi_Kavu: Wakuu, habari za leo. Natengeneza app ya simu. Mama ntilie na wakaanga samaki waone bei ya mnada wa Feri, soko la samaki la Dar, kabla hawajapanda daladala, waagize, bodaboda awapelekee. Fundi amegoma kuendelea mpaka nimwandikie lengo la biashara na nani anafaidika na nini. Nikaandika "kurahisisha maisha", akacheka. Silali.

Bibi_Doti: Jina umepata? Jina ndiyo biashara.

Kalamu_Nyekundu: Fundi wako ana akili. Mchore muuzaji, mnunuzi, bodaboda na wewe. Kila mmoja mshale wa anachotoa na wa anachopata. Asiyepata kitu ndiye atakayekuangusha. Na usiing'ang'anie michoro: M-Pesa ilijaribiwa Kenya 2005 ili watu warejeshe mikopo kwa simu, wao wakawa wanatumiana hela. Ilipozinduliwa 2007, kutuma pesa nyumbani ndiyo ikawa bidhaa. Hela ya app anatoa nani?

Nahodha_wa_Nchi_Kavu: Kuna mdau.

Kalamu_Nyekundu: Mdau gani?

Nahodha_wa_Nchi_Kavu: Dalali wa palepale mnadani. Katoa milioni 3, mbili ziko kwa fundi. Bei ataingiza mwenyewe. Ni mtu mwema lakini, mkuu.

Kalamu_Nyekundu: Basi lengo umeshaandikiwa: dalali auze bila kunyanyuka mezani. Mama ntilie hana mshale wa kurudi.

Mama_Vibua: Mwanangu, nakaanga vibua mwaka wa tisa. Dalali akikuona tu unafunua shavu la samaki kutazama wekundu, bei imepanda. Ndiye akuwekee bei kwenye simu? Mume wangu wa kwanza alikuwa dalali, hata nauli ya kwenda kwetu alinipigia mnada.

Nahodha_wa_Nchi_Kavu: Shikamoo mama. Bila yeye nisingeanza. Na ameahidi wateja wakizoea, tutaweka na bei za wenzake.

Ustaadh_wa_Mtaa: Vijana mnapenda hela za watu. Deni ni fedheha.

Kiroboto: Hii chai. Mwaka jana uzi huuhuu ulikuwa wa nyanya. Dalali yuleyule, milioni 3 zilezile!

Nahodha_wa_Nchi_Kavu: Za nyanya zilikuwa za binamu yangu. Ila fundi ni mmoja.

Mama_Vibua: 😂😂 Haya, kesho alfajiri nipo Feri. Weka humu bei ya kibua kutoka kwenye app yako, nami niweke niliyonunulia.

Bibi_Doti: Na jina?